Kutoka Mdororo Mkuu hadi Vita Kuu ya Pili: uchague Marekani, Ujerumani, Uingereza au Japani?

Swali lenyewe mnalijua: jadili jinsi mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulivyochangia kuzuka kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Majibu mengi hukimbia: Wall Street ikaanguka 1929, watu wakakosa kazi, Hitler akashika nchi, vita ikaanza. Miaka kumi imemezwa na sentensi moja, na anayesahihisha hana pa kukupa alama. Kinachosaidia ni kushika nchi moja ukaichimba, au mbili ukazilinganisha. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanafunzi kwa walimu, na hata wanaojiandaa kwa mdahalo: waende na nchi ipi?

Nimechukua nne. Zote zilianguka katika miaka michache ileile, zote ziliinuka kwa kiasi fulani, na kufikia Desemba 1941 zote zilikuwa vitani. Lakini uhusiano wa kuinuka kwao na vita haufanani hata kidogo. Uingereza iliinuka kwa riba ndogo na ujenzi wa nyumba. Japani ilikuwa imeshainuka kabla jeshi halijashika bajeti yote. Ujerumani iliinukia kwenye silaha. Marekani ilisuasua mpaka vita ya wengine ikawapa watu wake kazi. Kwa hiyo anayesema "mdororo ulileta vita" lazima aulizwe: wapi, na kwa njia gani?

Vigezo nilivyotumia

Kila nchi nimeipitisha kwenye maswali matano: ilianguka vipi, iliinuka vipi, ilifikaje vitani, sisi wa Afrika Mashariki iligusa wapi, na inamfaa nani. Swali la nne nimeliweka makusudi. Insha inayomtaja mkulima wa mkonge wa Tanga au muuza marikani wa Mombasa husomwa kwa jicho jingine.

Kabla hujachagua, shika jambo moja linalozihusu zote: dhahabu. Nchi zilikuwa zimefunga sarafu zao kwenye uzito maalumu wa dhahabu. Dhahabu ikianza kuondoka nchini, benki kuu hupandisha riba ili kuizuia, hata kama viwanda vinafungwa na watu wanalala njaa. Walioachana na dhahabu mapema walipata nafuu mapema: Uingereza Septemba 1931, Japani Desemba 1931, Marekani 1933. Ubelgiji ilishikilia hadi 1935 na Ufaransa hadi 1936, na zote mbili zilichelewa kupata nafuu. Ujerumani haikushusha rasmi thamani ya sarafu yake. Ilifunga milango ya fedha za kigeni tangu Julai 1931 na kuishi kwa vibali. Ukilielewa hili, nusu ya kazi umeimaliza.

MAREKANI

*Ilivyoanguka.* Usiishie kwenye soko la hisa. Ni kweli kwamba kipimo cha Dow Jones kilishuka kutoka 381 Septemba 1929 hadi 41 Julai 1932, lakini Wamarekani wengi hawakuwa na hisa hata moja. Kilichowafikia ni benki. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki zipatazo 9,000, nyingi zikiwa ndogo za mashambani, na hakukuwa na bima ya amana ya serikali kuu. Mteja aliyesikia tetesi asubuhi alikuwa na kila sababu ya kukimbilia dirishani kabla ya jirani yake, na kwa kukimbia kwao wote, hata benki isiyo na tatizo ilikufa. Juni 1930 Bunge likapitisha ushuru mkubwa wa forodha, sheria ya Smoot-Hawley, na nchi nyingine zikalipiza. Kufikia 1933 mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi.

*Ilivyoinuka.* Hapa kuna tukio linalofaa kuelezwa kwa kirefu. Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933. Siku mbili baadaye akafunga benki zote za nchi. Jumapili jioni ya tarehe 12 akaingia redioni na, kwa lugha ambayo hata fundi seremala angeielewa, akaeleza benki inafanyaje kazi, fedha ya mteja inakwenda wapi, na kwa nini zile zitakazofunguliwa ni salama. Kesho yake milango ilipoanza kufunguliwa, foleni zilikuwepo tena, safari hii za watu wanaorudisha fedha zao. Bima ya amana ikafuata, bei ya dhahabu ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi, mabwawa ya bonde la Tennessee yakajengwa, na mpango wa kazi za umma wa WPA, ulioanza 1935, ukaajiri watu zaidi ya milioni 8 katika maisha yake.

Lakini usiimbe sifa tupu. Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na kwa kufanya hivyo ikawaacha nje Wamarekani Weusi wengi wa kusini. Mwaka 1937 serikali ikabana matumizi mapema mno, benki kuu nayo ikakaza masharti, na uchumi ukaanguka upya. Mwaka 1940 ukosefu wa ajira ulikuwa bado karibu asilimia 15 kwa hesabu ya kawaida. Hesabu hiyo huwahesabu walio kwenye kazi za umma kama hawana kazi. Ukiwatoa, kiwango kinashuka sana. Ukitaja tarakimu, sema ni hesabu ipi.

*Njia ya vitani.* Mdororo uliifanya Marekani igeuke ndani. Kuanzia 1935 Bunge lilipitisha sheria za kutoegemea upande. Mpango wa kuikopesha Uingereza silaha ulikuja Machi 1941, na Japani ikashambulia Pearl Harbor, kituo cha wanamaji wa Marekani, tarehe 7 Desemba mwaka huohuo. Kwa hiyo mchango wa mdororo wa Marekani kwenye vita ni wa kutokuwepo: mwenye nguvu kuliko wote alikaa pembeni.

*Kwetu.* Ni kupitia bei. Mkonge ulikuwa wa kusokotea kamba za kufungia nafaka. Wakulima wa ngano wa ng'ambo walipofilisika, bei ya mkonge ilianguka hadi chini ya nusu ya ile ya 1929, na mashamba ya Tanganyika yakapunguza vibarua na mishahara.

*Inamfaa* anayeulizwa kuhusu chanzo cha mdororo au kuhusu serikali kuingilia uchumi. Vitabu vimejaa. Kwa swali la vita, peke yake haitoshi.

UJERUMANI

*Ilivyoanguka.* Kwanza tuondoe mkanganyiko unaojirudia kila mwaka. Toroli la noti la kununulia mkate ni la mfumuko wa bei wa 1923. Mwaka 1931 mambo yalikuwa kinyume: bei zilikuwa zinashuka, fedha ilikuwa adimu, na mwenye noti mfukoni alikuwa na bahati. Anayeandika kwamba mfumuko wa bei wa 1930 ulimleta Hitler ameunganisha misiba miwili kuwa mmoja.

Tangu Mpango wa Dawes wa 1924, uliopanga upya malipo ya fidia za vita, Ujerumani ilikuwa inaishi kwa mikopo ya nje, mingi ya muda mfupi na mingi kutoka Marekani. Mikopo ilipokatika, Chansela Heinrich Brüning alitawala kwa amri za dharura, akakata mishahara na posho na kupandisha kodi. Mei 1931 benki kubwa ya Vienna, Creditanstalt, ikayumba. Tarehe 13 Julai benki ya Danat ya Ujerumani ikafunga milango. Mwanzoni mwa 1932 wasio na kazi walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 6.

Sasa tazama viti vya chama cha Nazi bungeni: 12 mwaka 1928, 107 Septemba 1930, 230 Julai 1932, kisha 196 Novemba 1932. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Kura zilikuwa zimeanza kushuka. Hitler alifanywa Chansela tarehe 30 Januari 1933 baada ya Chansela wa zamani Franz von Papen na wenzake kumshawishi Rais Hindenburg, wakidhani watamshika mkono. Njaa ilimfikisha mlangoni. Waliomfungulia wana majina na vyeo.

*Ilivyoinuka.* Kwa haraka, hilo halina ubishi. Kufikia 1938 kwenye takwimu hakukuwa na tatizo la ajira. Lakini chambua. Baadhi ya mipango ya kazi iliandaliwa na serikali zilizotangulia. Barabara za Autobahn zilipigwa picha kuliko zilivyoajiri, na ile ya Köln hadi Bonn ilifunguliwa 1932 na meya Konrad Adenauer, kabla ya Hitler. Wayahudi walifukuzwa kwenye utumishi wa umma kuanzia Aprili 1933, wanawake walipewa mikopo ya ndoa kwa sharti la kuacha kazi, na kuanzia 1935 vijana waliitwa jeshini. Vyama vya wafanyakazi vilivunjwa Mei 1933, kwa hiyo aliyepata kazi hakuwa na wa kumdaia mshahara.

Fedha ilitoka wapi? Mkuu wa Benki Kuu, Hjalmar Schacht, alibuni hati za Mefo. Ilisajiliwa kampuni ya jina tu, Mefo, yenye mtaji mdogo. Kiwanda cha mizinga kilipomaliza kazi kililipwa kwa hati iliyokubaliwa na kampuni hiyo, na Benki Kuu ikaahidi kuibadilisha kuwa fedha taslimu. Deni halikuonekana kwenye bajeti, wala London na Paris hawakuona ukubwa wake. Kufikia 1938 hati hizo zilikuwa zimefika Reichsmark (sarafu ya Ujerumani) bilioni 12.

*Njia ya vitani.* Hapa ndipo Ujerumani inapowaacha wengine. Silaha zinataka chuma, mpira na mafuta kutoka nje. Vitu hivyo vinataka fedha za kigeni. Na kiwanda kinachotengeneza mizinga hakisafirishi bidhaa za kuuza. Mwaka 1936 Schacht alitaka mwendo upunguzwe. Hitler alikataa, akaamuru jeshi na uchumi viwe tayari kwa vita ndani ya miaka minne, na kumkabidhi Hermann Göring mpango huo. Machi 1938 Austria ikamezwa pamoja na akiba yake ya dhahabu; Machi 1939 ikawa zamu ya Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia, na viwanda vyake. Januari 1939 Schacht alikuwa ameshatolewa Benki Kuu. Sisemi kwamba uhaba wa fedha za kigeni ndio ulioamua vita, maana shabaha ya Hitler ilikuwepo kabla. Ninachosema ni kwamba aina ile ya kuinuka ilimfungia njia nyingine zote.

*Kwetu.* Tanganyika ilikuwa koloni lao hadi Vita Kuu ya Kwanza, na walowezi wa Kijerumani walikuwa wamerudi kwenye mkonge na kahawa. Hitler alipodai makoloni yarudishwe, hofu ya kukabidhiwa upya ilikuwa ya kweli. Septemba 1939 Waingereza wakawakamata wanaume wa Kijerumani na kutwaa mashamba.

*Inamfaa* mwenye swali linalounganisha moja kwa moja mdororo na vita. Hatari yake ni kwamba kila mtu anaichagua. Bila tarakimu za viti na hati za Mefo utafanana na wenzako.

UINGEREZA

*Ilivyoanguka.* Haikuanguka kutoka juu sana kwa kuwa haikuwa imepanda. Mwaka 1925 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Fedha, aliirudisha pauni kwenye dhahabu kwa thamani ya kabla ya 1914, na makaa ya mawe na meli za Uingereza zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Wasio na kazi walizidi milioni moja hata kabla ya 1929, wakakaribia milioni 3 mwanzoni mwa 1933.

*Ilivyoinuka.* Agosti 1931 iliundwa serikali ya mseto chini ya Ramsay MacDonald ili kukata matumizi na kuinusuru pauni. Katikati ya Septemba mabaharia wa kikosi cha kivita kule Invergordon, Scotland, waligomea kukatwa mishahara, wenye fedha wakaingiwa na kiwewe, na tarehe 21 Septemba pauni ikafunguliwa kutoka kwenye dhahabu. Serikali iliyoundwa kuilinda pauni iliishikilia kwenye dhahabu mwezi mmoja tu, na kuiachia ndiko kulikoinusuru nchi. Juni 1932 riba ya Benki Kuu ilishushwa hadi asilimia 2, mikopo ya nyumba ikawa rahisi, na kusini mwa nchi mitaa mipya ikaota kila upande.

Kaskazini hali ilikuwa nyingine. Oktoba 1936 wanaume 200 wa Jarrow, mji uliofungiwa kiwanda chake cha meli, walitembea karibu kilomita 450 hadi London wakibeba sanduku la mbao lenye saini zaidi ya 11,000. Bunge lilipokea, wakarudi mikono mitupu. Kuinuka kwa Uingereza kulikuwa na ramani: kusini ndiyo, kaskazini hapana.

*Njia ya vitani.* Neville Chamberlain alishika Hazina 1931 hadi 1937, kisha akawa Waziri Mkuu. Mtu aliyehesabu kila pauni alijua silaha zinakula nguvu ya uchumi, na hilo ni sehemu ya sababu za kumbembeleza Hitler hadi mkataba wa Munich, uliomwachia sehemu ya Czechoslovakia, Septemba 1938. Sehemu tu, maana hofu ya kurudia mauaji ya 1914 ilikuwa kubwa pia.

*Kwetu.* Hapa ndipo kwenye utajiri. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni, kwa hiyo pauni iliposhuka nayo ilishuka, na bei ya dhahabu kwa shilingi ikapanda. Ndicho kilichochangamsha machimbo ya Lupa, Chunya, na mbio za kusaka dhahabu za Kakamega. Kodi, hata hivyo, haikushuka pamoja na bei za mazao. Mkulima aliyeuza gunia moja kulipa kodi sasa aliuza mawili au zaidi. Walowezi wa Kenya walifunguliwa Benki ya Ardhi mwaka 1931. Mwafrika alihimizwa alime zaidi.

*Inamfaa* anayeandika kuhusu uchumi wa kikoloni, na yeyote anayeelewa hesabu za riba na sarafu.

JAPANI

*Ilivyoanguka.* Januari 1930, dunia ikiwa tayari inazama, Waziri wa Fedha Inoue Junnosuke aliifunga yeni kwenye dhahabu. Wakati ulikuwa mbaya kupindukia. Karibu familia mbili katika kila tano za wakulima zilifuga nondo wa hariri, na mnunuzi mkubwa alikuwa Marekani. Bei ya hariri ikaanguka, ya mchele ikafuata, na vijiji vya kaskazini mashariki viliuza mabinti.

*Ilivyoinuka.* Desemba 1931 Takahashi Korekiyo, mzee wa miaka 77, alirudishwa Wizara ya Fedha. Akaitoa yeni kwenye dhahabu, ikashuka kutoka karibu senti 50 za dola hadi karibu 20 ndani ya mwaka. Akaiuzia Benki Kuu hatifungani za serikali, akatumia fedha hizo vijijini na jeshini. Japani ikapata nafuu mapema kuliko karibu nchi zote za viwanda.

*Njia ya vitani.* Jeshi la Japani lilikuwa limezusha tukio la Mukden, mlipuko wa reli uliotumiwa kama kisingizio, tarehe 18 Septemba 1931 na kuteka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, bila kusubiri ruhusa ya serikali yake. Inoue aliuawa kwa risasi Februari 1932, Waziri Mkuu Inukai Mei mwaka huo. Takahashi alipoona uchumi umesimama alitaka kupunguza matumizi ya jeshi. Alfajiri ya tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana waliingia nyumbani kwake wakamuua. Baada yake hakupatikana waziri wa fedha aliyethubutu kusema hapana. Julai 1937 vita kamili na China ilianza. Kwa maoni yangu hii ndiyo hadithi yenye mafunzo kuliko zote nne, na ndiyo inayosomwa kidogo zaidi.

*Kwetu.* Mkutano wa Ottawa wa 1932 uliweka ushuru wa upendeleo ndani ya himaya ya Uingereza. Lakini Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya mikataba ya Bonde la Kongo iliyokataza upendeleo huo. Yeni ikiwa imeshuka, nguo za pamba za Kijapani ziliingia Mombasa na Dar es Salaam kwa bei ambayo viwanda vya nguo vya Manchester, Uingereza, havikuiweza. Mama aliyekosa fedha ya kanga ya zamani alivaa ya Osaka, Japani.

*Inamfaa* anayetaka jibu lisilofanana na la jirani, na asiyeogopa kutafuta vyanzo. Vitabu vya Kiswahili juu yake ni vichache mno.

Kwa hali yako

Una dakika arobaini za mtihani na swali limetaja mdororo na vita pamoja: nenda Ujerumani, lakini anza na 1931, siyo 1923.

Swali ni la chanzo cha mdororo au la mipango ya kufufua uchumi: Marekani. Weka ile wiki ya Machi 1933, na usisahau 1937.

Mdahalo wenye hoja kwamba "mdororo hauna budi kuleta vita": anayepinga achukue Uingereza na Japani pamoja. Zilitumia dawa karibu ileile ya sarafu na riba, miezi mitatu tu ikitofautisha. Moja ilijenga nyumba, nyingine ikaenda China. Anayeunga mkono atalazimika kueleza tofauti hiyo, na itamtoa jasho.

Insha ndefu au utafiti wa chuo wenye muda wa kutosha: Ujerumani na Japani kwa swali moja, yaani kilichompata mtu wa fedha aliyejaribu kusimamisha silaha. Schacht aliondolewa ofisini, Takahashi aliuawa kitandani.

Mwalimu mwenye darasa lisilopenda takwimu aanze na kanga za Osaka na kodi ya kijijini, kisha arudi nyuma hadi London na Tokyo. Na kama darasa liko Lubumbashi au Bukavu, kwenye Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji, usitumie Uingereza kabisa. Tumia Ubelgiji iliyong'ang'ania dhahabu hadi 1935, na migodi ya shaba ya Katanga iliyowarudisha vijijini wafanyakazi wake kwa maelfu.